Mutaro wa Sebarenzi

Kwetu, upande huu wa Nyabiondo, kaburi halifungwi hivi hivi. Sanduku likishateremshwa, kabla udongo haujarudishwa, mkubwa wa familia anasimama upande wa kichwa na kuuliza mara tatu: "Nani iko na neno na huyu marehemu? Aseme sasa, asirudi nalo nyumbani." Kama mlikosana, unasema. Kama alikukosea, unamsamehe mbele ya watu, basi, mambo yanaishia pale. Ukinyamaza, kisha ukaja kufungua mdomo baada ya wiki, watu watakuuliza ulikuwa wapi siku ile, na watakuwa na haki.

Mimi nimesimama kwenye makaburi labda mia mbili. Nina miaka themanini na miwili. Nimefundisha shule ya primeri miaka arobaini, na watoto wa kilima hiki wananiita Papa Noël, kama yule mzee wa Krismasi, kisha wanacheka na kujificha nyuma ya migomba kana kwamba siwaoni. Wacheke tu. Katika makaburi yote hayo sikuwahi kuwa na neno na marehemu yeyote. Nilijiona mtu safi, mimi! Mpaka Jumanne ile tulipomzika Mama Epiphanie.

Kilima kilimfunika Jumamosi asubuhi, akiwa jikoni anapepeta maharage. Mvua ilikuwa imenyesha siku nne bila kupumua. Tulisikia mlio kama wa lori linalomwaga mawe, tukatoka mbio, na pale palipokuwa na nyumba yake tukakuta matope mekundu na mgomba mmoja umesimama wima, umehama na udongo wake wote. Vijana walichimba mpaka saa nane. Alipotoka, bado alikuwa ameshika ungo.

Mwanawe Patient alikuja kutoka Hombo, anakouza mawese na ndizi kwa wenye malori. Siku mbili juu ya pikipiki, barabara mnaijua, na vizuizi vya wenye silaha mnavijua pia. Alifika amepakwa matope mpaka kwenye nyusi. Mtu mzima wa miaka hamsini, ana tumbo, ana duka, akajitupa chini mbele ya maiti.

"Ni mimi njo niliua mama," alisema. "Alinipigia simu, akaniambia mutaro umejaa, nikuye nimusaidie kuchimba. Sikukuya. Ni mimi."

Watu wakamwambia hapana, Patient, mvua ni ya Mungu. Yeye akarudia yale yale mpaka sauti ikakauka. Mimi nilikuwa nimekalishwa kwenye kiti chenye mgongo, kiti cha heshima, nimeletewa chai, nimefunikwa blanketi kwa sababu ya baridi. Nilikunywa ile chai. Nilijua kwamba si yeye aliyemuua mama yake, nami nikainywa yote mpaka majani ya chini.

Sasa lazima niwaeleze huo mutaro. Na nikieleza mutaro lazima nieleze uhuru, na nikieleza uhuru lazima nimtaje baba yangu. Mnisamehe, mambo ya hapa ni kama muhogo, unavuta mmoja unang'oa mitatu.

Wakati wa Wabelgiji kilima hiki chote kilikatwa mitaro. Bwana Agronomu, mkubwa wao wa kilimo, alikuja na kamba na vijiti, akaamuru kila mwanaume achimbe mutaro wa kukata shamba lake, sawa kabisa, usiinamie huku wala kule, ili maji ya mvua yakae humo na udongo usiteremke. Asiyechimba, gereza la Masisi, au fimbo. Ukipanga kupanda maharage wiki hiyo, shauri yako, mutaro kwanza. Watu waliichukia mitaro hiyo kuliko ugonjwa. Na aliyezunguka kuangalia nani amechimba na nani hajachimba, huyo alikuwa kapita, na kapita wa kilima chetu alikuwa baba yangu mzazi.

Baba alikuwa na viatu vya buti na daftari. Kuandika hakujua sana. Mimi ndiye niliyesoma misioni, kwa hiyo jioni alinitajia majina ya wakosefu, nami nikayaandika kwa mwandiko mzuri. Nilijivunia mwandiko wangu. Ole wangu.

Sebarenzi alikuwa baba yake Epiphanie, jirani yetu wa juu. Yeye alikuwa na mutaro wake mwenyewe, aliouchimba kabla Agronomu hajafika na kamba zake. Haukuwa sawa. Ulianza juu ya mashamba yote, ukateremka polepole kiubavu, ukapita pembeni mwa shamba letu na kumwaga maji kwenye kijito. Alisema maji ya kilima hiki hayapendi kukalishwa. Ukiyakalisha yanaingia ndani, kilima kinakuwa kizito, nacho kinatafuta pa kukaa. Agronomu alicheka. Akamwamuru auzike, achimbe mwingine sawa na wa wenzake. Sebarenzi akakataa. Baba akanitajia jina lake, nikaliandika. Alichapwa viboko vinane kwenye uwanja wa kuanikia kahawa, watu wote wakitazama, mimi pia. Alipomaliza kuchapwa alifunga kaptula yake, akachukua jembe, akapanda kurudi kwenye mutaro ule ule.

Kwa hiyo msije mkaniambia sikujua ulikuwa wa nani. Nilijua.

Tarehe thelathini mwezi wa sita, elfu moja mia tisa sitini. Habari ilitoka kwenye redio ya misioni, ngoma zikapigwa, kasiksi, pombe yetu ya ndizi, ikanyweka, hata padri alicheka. Nilikuwa na miaka kumi na sita. Alasiri, watu wakiwa wamekwisha kulewa furaha na pombe, mmoja akauliza: "Na kapita iko wapi?" Wakaja kwetu. Kundi zima, na majembe, na mapanga. Baba yangu, mtu wa buti, alikuwa chini ya kitanda. Mama alikuwa amekaa juu ya kitanda hicho anajifanya mgonjwa.

Nilitoka mimi. Nilipanda juu ya kinu, nikapaaza sauti: "Uhuru! Twende tuzike mitaro ya muzungu!"

Sijui maneno yale yalitoka wapi. Nilitaka tu waondoke pale uani. Nao waliondoka! Walipiga kelele za shangwe, wakanibeba mabegani, na kilima chote kikaanza kuzika mitaro. Wanawake waliimba. Wazee walisukuma udongo kwa miguu. Na nitawaambia kitu: ilikuwa raha. Kila jembe lilikuwa linarudisha kiboko kimoja. Sikatai hilo, wala sitawaambia tulikosea kuifukia mitaro ya Agronomu, maana ilikuwa yake na ilistahili kufa.

Lakini tulipofika juu ulibaki mmoja, na Sebarenzi alikuwa amesimama ndani yake na jembe lake.

Aliniinamisha karibu. Alisema kwa sauti ya chini, mimi peke yangu nikasikia: "Noël, mutoto yangu, huu si wa muzungu. We unajua. We njo uliandikaka jina yangu."

Angesema kwa sauti, wangerudi kwetu. Wangemtoa baba chini ya kitanda. Hakusema kwa sauti. Mimi ndiye niliyepayuka kabla hajabadili nia: "Muone! Anachunga mutaro wa bwana wake! Mbwa wa muzungu!"

Wakamtoa kwa mikono. Wakavunja mpini wa jembe lake. Wakauzika mutaro wake naye amekaa kwenye jiwe ananitazama, mgongo wake una makovu ya kile kiboko, nami nikicheza juu ya udongo uliofukiwa. Kesho yake alikata mpini mpya akaanza kuchimba upya. Hakumwambia mtu yeyote neno lile alilonong'ona. Hata baba yangu, kwa aibu, alimwacha apitishe mutaro wake katika shamba letu mpaka kijitoni.

Mimi nikawa mwalimu. Kila mwaka, tarehe thelathini mwezi wa sita, nilisimama mbele ya shule nikasimulia jinsi vijana wa kilima chetu walivyozika mitaro ya utumwa. Nilisimulia vizuri. Watoto walipiga makofi. Mwaka mmoja Epiphanie alikuwa katika darasa langu, benchi la pili, kitoto kimya chenye daftari safi. Nilipofika kwenye mbwa wa muzungu wenzake waligeuka kumtazama. Mapumzikoni walimwita mtoto wa mbwa. Niliwasikia kupitia dirishani, nikaendelea kusahihisha hesabu.

Sebarenzi alipokufa, Epiphanie alirithi mutaro. Vita vilikuja, tukakimbia, tukarudi, tukakimbia tena. Kila tuliporudi yeye kwanza alipanda juu na jembe, kabla hata ya kuezeka nyumba. Watu walimwita Mama Mutaro. Lakini sehemu iliyopita kwangu, hatua ishirini tu mpaka kijitoni, ilijaa matope miaka ile ya kukimbia, nami nikapanda maharage juu yake. Hakuna aliyeniuliza. Zilikuwa mvua ndogo, maji yakajitafutia njia.

Mwaka jana, mwezi wa tisa, alikuja na jembe begani.

"Mwalimu, nimefika mupaka wako. Nakuomba nipite. Hatua makumi mbili tu, nitachimba mimi mwenyewe."

"Mama Epiphanie," nilisema, "ile mitaro ya wazungu tulishaizika."

Alitabasamu. Alikuwa na miaka sitini na saba, meno mawili ya mbele hayapo. "Mwalimu. We unajua iko ya nani."

Wajukuu wangu walikuwa uani, masikio yote wazi. Nikikubali, wataniuliza: Koko, si ulisema ulikuwa wa muzungu? Na nikijibu hilo moja, nitajibu mengine yote. Nikamwambia maharage iko na maua, angojee tuvune. Alisema sawa, atangojea.

Alirudi baada ya wiki mbili. Nikamwambia bado. Alirudi tena mara ya tatu, na safari hii alikwisha kuingiza jembe hatua moja ndani ya shamba langu. Nikatoka nikamwinulia fimbo. Mimi. Fimbo. Mtoto wa Sebarenzi, nikamwinulia fimbo!

Hakunitazama usoni. Aliitazama ile fimbo. Kisha akarudi nyuma hatua yake moja, akafukia alipochimba, akasema: "Aksanti, Mwalimu." Akaenda.

Maji yalianza kujaa katika mutaro wake mwezi wa kumi. Yalifika mpaka wangu yakasimama, kwa sababu hayakuwa na pa kutokea. Niliyaona. Kila asubuhi nilipokwenda haja niliyaona, vyura wamo ndani wanaimba, na ardhi ya chini yake inalainika. Nilijiambia: tukivuna maharage. Tukavuna. Nikajiambia: Noeli ikipita.

Ndiyo hiyo Jumanne sasa. Callixte, kaka wa marehemu, alisimama upande wa kichwa. Hakukuwa na mvua, jua lilikuwa limetoka la kukera.

"Nani iko na neno na huyu dada yetu?"

Mwanamke mmoja alisema waligombana juu ya mbuzi aliyekula mihogo, akaomba msamaha, akarudi nyuma analia. Callixte akauliza mara ya pili. Patient alitoka mbele. Alisema: "Mama, uliniita sikukuya. Unisamehe, hata kama mimi sitajisamehe." Alikuwa anajipiga kifua kwa ngumi, wanaume wawili wakamshika mikono.

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Nilikuwa nimeifundisha methali hiyo miaka arobaini. Niliwachapa watoto walioshindwa kuieleza.

"Nani iko na neno?" Mara ya tatu.

Elodie, mjukuu wangu, naye ni mwalimu kwenye shule ile ile, alikuwa amenishika mkono. Akaninong'oneza: "Koko, jua ni kali. Tuende ukae."

"Niachie," nikamwambia.

Nikaenda mpaka ukingoni. Nikasema niko na neno na Epiphanie. Nikasema si mwanawe aliyemuua, ni mimi. Alikuja mara tatu kuomba njia ya maji, nikamkatalia mara tatu, ya mwisho kwa fimbo. Watu wakatazamana. Mzee mmoja akasema kwa upole: "Mwalimu amechoka, mumutoe kwa jua."

"Sijachoka!" nikapiga kelele, kaburini kabisa, Mungu anisamehe. "Nani kakwambia nimechoka? Nyamazeni niseme! Mutaro haukuwa wa muzungu! Ulikuwa wa Sebarenzi, muzungu alimchapa kwa sababu yake, na jina lake niliandika mimi kwa mkono huu, na siku ya uhuru nilimwita mbwa ili msije mkamuua baba yangu. Miaka sitini na tano nimewadanganya, nyinyi na watoto wenu!"

Elodie alifunika uso. Nilingoja. Nawaambia ukweli, nilitamani mtu anipige. Nilikuwa nimevaa shati la zamani kwa sababu hiyo.

Patient alitoka mikononi mwa wale wanaume. Alikuja polepole mpaka tukatazamana, kaburi katikati yetu.

"Mwalimu," alisema, "ile siku ya fimbo ilikuwa lini?"

"Ijumaa. Mwezi wa kumi, tarehe tisa ao kumi."

Alihesabu kwa vidole kama mtoto. "Mama alinipigia simu tena Ijumaa ile, magaribi. Nilikuwa nimeshafunga mufuko. Nilimwambia kesho nakuya kuchimba. Akanijibu: usikuye, usifunge duka. Mwalimu amekubali. Wajukuu wake wanachimba pamoja na mimi, hata yeye mwenyewe anashika jembe." Akakunja vidole vyake. "Alikusifu, Mwalimu. Njo maana sikukuya."

Nilikaa chini. Yule mwanamke! Baba yake alininong'oneza ili watu wasinigeukie, naye akamdanganya mtoto wake wa kuzaa ili asije kunigeukia. Alinificha. Alikuwa na mwezi mzima na nusu wa kuishi, na aliutumia kunificha, huku maji yanajaa juu ya kichwa chake.

"Aliniambia tena kitu moja," Patient alisema. "Nikikuya kwa Noeli nikuletee mawese, kwa sababu umefanya vizuri. Nimeileta. Iko kwa pikipiki."

Akamtuma mtu. Walileta bidoni ya njano ya lita tano, imefungwa mfuniko kwa kipande cha nailoni, wakaiweka miguuni pangu mbele ya kilima chote. Patient akanipa mgongo. Callixte akatazama huku na huku, akaona hakuna mwingine, akasema: "Basi. Funikeni."

Hakuna aliyenifukuza. Wananisalimia mpaka leo, "Jambo, Mwalimu", kwa adabu, kisha wanapita. Nilianza kuchimba kesho yake. Hatua ishirini. Kwa umri wangu zilichukua siku nyingi, kwa sababu sikumruhusu mtu anisaidie, hata Elodie aliyekuja na jembe akasimama pale mpakani mpaka nikamfukuza. Patient alipita akirudi Hombo. Alisimamisha pikipiki, akatazama mteremko wa mutaro muda mrefu, akashuka, akasogeza jiwe moja lililokuwa linaziba mahali pa kutokea. Hakunisalimia.

Ilipofika tarehe thelathini mwezi wa sita sikualikwa shuleni. Watoto walikuja wenyewe baada ya sherehe, saba au wanane, wakakaa ukingoni mwa mutaro wakining'iniza miguu ndani. Walitaka hadithi yao. Nikawasimulia yote kuanzia buti na daftari, na safari hii hawakupiga makofi. Kitoto kimoja cha kike, Josiane, wa benchi la pili, akainua kidole kama darasani.

"Sasa, Papa Noël, mbwa wa muzungu alikuwa nani?"

Nikamwambia ni mimi. Akaitika kwa kichwa, kama mtu aliyepewa jibu la hesabu, kisha akaniuliza kama yale mawese ndani ya bidoni yangali mazuri, maana mama yake alisema kwangu hatujayafungua hata siku moja.